Ufundishe ukutani au mwambani? Ulinganisho kwa anayetaka kuwa mwalimu wa kupanda

Kila anayenijia na habari za ualimu wa kupanda huanza na swali lilelile: "Mwalimu, lazima niwe napanda njia za daraja gani la ugumu?" Nami humrudishia swali: uko tayari kutazama nini kutwa nzima? Kazi hii ni ya macho kuliko mikono. Mwanafunzi ndiye anayepanda. Wewe uko chini umepinda shingo, unatazama fundo lake, mkanda wake wa kiunoni, mkono wa mwenzake ulioshika kamba, na yule mtoto wa tatu aliyesimama mahali ambapo jiwe au mtu anaweza kumwangukia. Anayeingia kazini kwa sababu anapenda kupanda hugundua ndani ya miezi michache kwamba hapandi tena.

Njia za kuingilia ziko nyingi, ila mbili ndizo zinazowachanganya watu. Ya kwanza ni kufundisha ukumbini, kwenye kuta bandia zenye vishikio vya rangi. Ya pili ni kufundisha nje, kwenye miamba mifupi ambayo kamba moja inatosha kumpandisha mtu na kumshusha. Ya tatu, kuongoza watu milima mirefu, nitaigusa tu, maana anayeiendea huwa ameshapita kwenye moja ya hizi mbili.

Siku inavyokwenda

Ukumbini unafanya kazi kwa zamu. Kikundi cha kwanza kinaingia, unawafunga mikanda, unawaeleza yale yale uliyoyaeleza jana, wanapanda kwa saa moja au mbili, wanatoka, kingine kinaingia. Kwa walio wengi unatumia kamba ya juu, yaani kamba imeshapita kwenye nguzo juu ya ukuta kabla mtu hajaondoka chini, hivyo akiteleza anashuka kidogo tu. Katikati ya vikundi unafagia, unakaza kishikio kilicholegea, unakaa kaunta, unakagua mikanda na kuandika kwenye daftari. Hakuna anayeiweka sehemu hii kwenye tangazo la kazi, lakini ni sehemu kubwa ya mshahara wako.

Kwenye kuta fupi zisizotumia kamba, zenye magodoro mazito chini, somo lenyewe hubadilika. Hapo hufundishi kupanda kwanza, unafundisha kuanguka: miguu yote miwili itue pamoja, magoti yalegee, mwili ubiringike kinyumenyume, mikono ibaki kifuani. Mgeni akianguka hunyoosha mkono nyuma ajizuie, na kiwiko au kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Watu hudhani penye godoro hapana kazi ya mwalimu. Mimi naona ndipo penye kazi zaidi, kwa sababu kila anguko la hapo linafika chini.

Nje, siku huanza jana yake. Umeangalia hali ya hewa, umejiuliza jua litaupiga upande gani wa mwamba saa nane, umehesabu wanafunzi na kuchagua mahali ambapo hata mwoga wa kundi atapata njia ya kumfaa. Asubuhi unafika kabla yao na kufunga kamba. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo tofauti na ukumbini inapokuwa kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukumbini nanga za juu, yaani mahali kamba inaposhikiliwa, zimefungwa na fundi, zinakaguliwa kwa ratiba, wewe unazitumia tu. Mwambani nanga unaitengeneza wewe, kwa bolti zilizochimbwa na mtu usiyemjua, kwa mti, kwa jiwe, au kwa vyuma vinavyobanwa kwenye nyufa. Waliosema jifya moja haliinjiki chungu hawakuwa wanazungumzia kamba, lakini sheria ni hiyohiyo: nanga inataka angalau sehemu mbili zinazojitegemea, ili moja iking'oka nyingine ibaki. Kisha kuna pembe. Mtu wa kilo 80 akining'inia kwenye sehemu mbili zilizounganishwa kwa pembe ya digrii 60, kila sehemu inabeba kama kilo 46. Panua pembe hadi 90, kila moja inabeba 57. Ifikishe 120, kila moja inabeba kilo 80 kamili, yaani umefunga sehemu mbili na hujapunguza mzigo hata chembe. Mwalimu wa nje anatakiwa kuona hili kwa jicho, bila kalamu, huku watu wanane wanamuuliza choo kiko wapi.

Halafu kuna urefu wa kamba. Kamba ya mita 60 kwa mwamba wa kamba ya juu ina maana ya mwamba usiozidi mita 30, maana inapanda na kushuka. Kwenye mwamba usioujua vizuri, ukisahau kufunga fundo kwenye ncha ya pili, mtu anashushwa mpaka ncha inachomoka kwenye kifaa cha breki na anaanguka sehemu iliyobaki. Ajali ya namna hii huwapata hata wazoefu. Kinga yake ni fundo moja la sekunde kumi.

Ongeza mvua, radi, nyuki kwenye ufa, na mwanafunzi aliyeganda katikati ya mwamba, hasikii, amekumbatia jiwe kama nguzo ya nyumba. Ukumbini unamshika mwenzake bega, unamwambia "mlegezee kidogo," na mtu anashuka. Nje huenda ukalazimika kumfuata kwa kamba ya pili, ukajifunga kando yake na kumshusha pamoja nawe. Kama hujawahi kufanya mazoezi hayo mara nyingi, hutayafanya vizuri siku yanapohitajika.

Hatari ni tofauti, si kubwa na ndogo tu

Wengi huamini ukumbini ni salama na nje ni hatari. Mimi husema ukumbini hatari ni mazoea, nje hatari ni mageni.

Tuna methali isemayo kamba hukatikia pabovu. Katika kazi hii, kamba yenyewe kwa kawaida si pabovu. Viwango vya kimataifa vinadai kamba moja ya kupandia ihimili angalau maanguko 5 makali ya uzito wa kilo 80 kwenye maabara, na anguko la kwanza lisitoe mshtuko unaozidi kilonyutoni 12. Karabina ya kawaida, ile pete ya chuma yenye mlango, ikiwa imefungwa na kuvutwa kwa urefu wake, inatakiwa kubeba kilonyutoni 20, kama uzito wa tani mbili. Ikivutwa kwa upana, au mlango wake ukiwa wazi, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 7. Kwa hiyo pabovu ni mtu: aliyefunga karabina upande, aliyeacha kamba ipite kwenye ukingo mkali wa jiwe, au aliyesahau kumaliza fundo.

Mwaka 1989, kule Buoux nchini Ufaransa, Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji bora kuliko wote duniani wakati huo, alianza kufunga fundo, akakatizwa, hakulimalizia. Alipanda njia nzima bila kujua. Alipoegemea kamba juu ili ashushwe, fundo lilichomoka akaanguka zaidi ya mita 20. Mti ulimpokea, akapona. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kila kozi, si kuwatisha, bali kwa sababu wanaponiona nakagua fundo la mtu aliyepanda miaka kumi huona namdharau. Kumbe mgeni hufunga fundo la umbo la nane kwa kulitazama, na mzoefu hulifunga huku anapiga soga.

Ukumbini siku hizi kuna mashine zinazovuta kamba zenyewe bila mshika kamba. Ni nzuri, hazichoki. Shida yake ni moja: mtu anapanda bila kujifunga kwenye mashine, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kumuuliza. Ndiyo maana kumbi huweka turubai chini ya kila mashine, ili usiweze kuanza kupanda bila kulitoa. Na ndiyo maana mwalimu wa zamu hatakiwi kukaa na simu.

Nje, chuma nacho kina mambo yake. Bolti iliyo kwenye mwamba wa pwani huliwa na chumvi kwa namna ambayo juu inang'aa huku ndani imepasuka. Kwenye miamba ya pwani ya Thailand walibadilisha bolti za chuma cha pua wakaweka za titani kwa sababu hiyo. Mwalimu wa nje anasoma jiwe na chuma kabla ya kusoma watu. Mwalimu wa ukumbini anaanza na watu, na mara nyingi hao ndio wagumu zaidi kusoma.

Cheti na safari ya kukipata

Hakuna cheti kimoja cha dunia kwa mwalimu wa ukutani au wa mwamba mfupi. Nchi zina mifumo yake, na baadhi hazina wowote, hivyo ukumbi unakufundisha wenyewe na kukupa ruhusa ya kufanya kazi humo humo. Ruhusa hiyo haihami nawe. Ukienda kwingine unaanza upya.

Kwenye mifumo iliyokomaa, mpaka kati ya ukutani na mwambani umechorwa wazi. Uingereza, shirika la Mountain Training lina cheti cha mwalimu wa ukutani, kingine cha mwalimu wa miamba ya kamba moja, na juu yake cha anayefundisha njia ndefu za kamba nyingi. Marekani, AMGA, chama cha waongozaji wa milima kilichoanzishwa 1979, nacho kina cha ukutani na cha mwamba wa kamba moja. Mfumo ni ule ule kwa sehemu kubwa: unajiandikisha, unafanya kozi, unakwenda kujinoa mwenyewe kwa miezi, kisha unarudi kwa mtihani. Kozi ya AMGA ya mwamba huchukua siku 3 na mtihani siku 2.

Sasa lile swali la daraja. Kabla ya mtihani wa mwambani, Uingereza wanataka uwe umepanda njia zisizopungua 40 ukitangulia, yaani bila kamba ya juu, na kuweka kinga zako mwenyewe, katika daraja la Kiingereza liitwalo Severe au zaidi. AMGA nao wanataka 40 za namna hiyo. Kwa kipimo cha Kifaransa, ugumu unaozungumzwa hapo ni kama daraja la 4, wakati kilele cha kipimo hicho leo ni 9c. Umeona? Hawatafuti bingwa. Wanatafuta mtu anayepanda njia rahisi bila jasho, ili akili yake yote ibaki kwa mwanafunzi. Nimeona vijana wanaoning'inia kwa vidole viwili wakifeli mtihani kwa sababu walimpa mtahini mgongo huku mwanafunzi wa mfano akifungua mkanda wake.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni kipindi cha katikati, kati ya kozi na mtihani. Kozi ina shangwe, mtihani una tarehe, lakini miezi ya katikati haina mtu wa kukusukuma. Anza daftari la kumbukumbu leo, kabla hata ya kujiandikisha: tarehe, mahali, njia, daraja, ulitangulia au ulifuata, nani ulikuwa naye, nini kilienda vibaya. Njia moja uliyoipanda mara ishirini haiwi njia ishirini. Mtahini anataka kuona mawe ya aina mbalimbali, sehemu mbalimbali, na siku chache mbaya ulizotoka nazo salama.

Kwa cheti cha ukutani, mzigo ni mwepesi na muda mfupi, ila usikidharau. Huko unapimwa namna unavyoendesha kundi kubwa mahali penye kelele, na hilo mwalimu wa nje aliyezoea watu wanne huwa hajui. Huduma ya kwanza inahitajika kote. Uingereza wanadai kozi isiyopungua saa 16. Kama utafanya kazi nje, chukua ile inayofundisha kumtunza majeruhi kwa saa kadhaa, kwa kuwa gari la wagonjwa halitafika chini ya mwamba kwa dakika kumi. Na kwa kuwa wanafunzi wengi ni watoto, mwajiri makini atachunguza historia yako. Usikasirike. Asiyechunguza ndiye wa kumwogopa.

Uongozaji wa milima ni dunia nyingine. Chama cha waongozaji cha Chamonix, mji wa milimani Ufaransa, kilianzishwa 1821, na shirikisho la kimataifa la waongozaji, IFMGA, lilianzishwa 1965 na Austria, Ufaransa, Uswisi na Italia. Beji yake inatambulika mipakani. Lakini mafunzo ni ya miaka, na yanadai mwamba, barafu na kuteleza kwenye theluji kwa skii. Hilo la mwisho huwaduwaza wengi waliodhani mlima ni kupanda tu. Kama hujawahi kuvaa skii, usipange maisha kuzunguka beji hiyo bado.

Pesa, na mwili unavyolipa

Ukumbi unalipa kidogo kwa saa, lakini saa zipo. Mvua ikinyesha ndiyo wateja wanajaa. Bei yake ni jioni na mwisho wa wiki, kwa sababu wateja wanakuja wakiwa wametoka kazini na shuleni. Ndoa na sherehe za jamaa utazisikia kwa simu.

Nje, malipo ya siku huonekana mazuri kwenye karatasi. Yagawanye. Weka siku ya maandalizi, nauli, kamba zako, karabina zako, kofia ngumu za wanafunzi, bima, na siku zilizoahirishwa kwa mvua. Watengenezaji wengi wanaweka ukomo wa miaka 10 kwa kamba na mikanda hata visipotumika, na kamba ya kufundishia haifiki huko hata kidogo, maana inasuguliwa kila siku. Baada ya hesabu hiyo tofauti hupungua sana. Walimu wengi ninaowafahamu wanachanganya: msimu mzuri nje, msimu mbaya ndani. Kwa maoni yangu huo ndio mpango wa busara kwa miaka mitano ya mwanzo, ingawa unachosha kichwa.

Mwili nao una deni lake. Ukumbini huumia shingo kwa kutazama juu saa nyingi. Kuna miwani yenye vioo vya pembe inayokuonyesha juu huku unatazama mbele, na wanaoicheka siku ya kwanza huiazima siku ya tatu. Koo hukauka kwa kupigana na muziki na watoto. Nje huumia mgongo kwa mizigo, na ngozi kwa jua. Kote kote, kiwango chako cha kupanda hushuka, kwa sababu ukimaliza kazi hutaki kuona kamba. Anayetaka kubaki mpandaji mkali, na atenge siku mbili zake kwa wiki na kuzilinda kama mali ya yatima.

Kuna pia ukocha wa mashindano, ambao si ualimu huu. Tangu mchezo uingie Olimpiki ya Tokyo, wazazi huuliza sana habari za mbio za ukuta wa mita 15, ambao njia yake ni ile ile duniani kote. Kocha anamfuata mtu mmoja kwa miaka, sisi tunawaona watu mia kwa wiki na wengi hawarudi. Ukipenda kumwona mtu akikua, elekea huko, na cheti cha ukutani bado ndicho mlango.

Nani aelekee wapi

Kama una subira na watu, sauti inayofika mbali na hujali kurudia maneno, anza ukutani. Kwa kweli hata kama huna hakika, anza ukutani. Kwa siku moja utakagua mafundo mengi kuliko mwalimu wa nje kwa wiki mbili, na jicho hilo halifundishwi kwingine. Kama unapenda kuamua mwenyewe, unavumilia kusubiri mvua ikatike, na unaweza kumwambia mteja aliyekwisha lipa kwamba leo hatupandi, nje ndiko kwako. Huyu wa mwisho ni adimu. Wengi wanajua kufunga nanga, ila kusema hapana mbele ya mteja aliyekasirika ni kipaji cha pekee.

Kabla hujasaini kokote, jitolee Jumamosi moja kumsaidia mwalimu wa mahali hapo. Usiangalie kikundi cha kwanza, wote huwa wachangamfu. Angalia cha nne. Kisha muulize mwajiri mambo haya: mwalimu mmoja anasimamia watu wangapi kwa mara moja? Daftari la ukaguzi wa vifaa liko wapi, na naweza kulifungua sasa hivi? Nikimkatalia mteja kupanda, mtanisimamia? Mtihani wangu nalipa mimi au ninyi? La daftari litazame vizuri. Likiletwa ndani ya dakika moja, limejaa wino wa rangi tofauti na tarehe zisizolingana, hapo watu wanakagua kweli. Likiletwa baada ya robo saa, limeandikwa kwa kalamu moja tangu Januari, shukuru kwa chai uondoke.